Santuri za guka zisiozee juu ya kabati

Ukienda ushago wikendi hii, iwe ni Othaya, Karatina, Kangema au Kerugoya, hebu chungulia juu ya kabati la guka. Huenda ukakuta boksi la sahani nyeusi zilizojaa vumbi. Usizidharau. Hizo ni santuri, na baadhi ya nyimbo zilizomo hutazipata YouTube hata utafute usiku kucha.

Unajiuliza zina maana gani siku hizi? Chukua mfano wa marehemu Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a. Mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumwomboleza, nayo serikali ikaupiga marufuku. Redio ikanyamaza, lakini aliyekuwa na santuri yake nyumbani alibaki na wimbo. Yaani boksi la guka liliweza kutunza kile ambacho wakubwa walitaka kisahaulike.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake anayebeba jina lilo hilo, Joseph Kamaru, ni msanii wa sauti anayejulikana kote duniani kama KMRU. Amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake kidijitali kupitia Bandcamp. Kijana kama wewe, kazi ya babu.

Kwa nini haraka? Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford hupiga picha karatasi ndefu zenye matundu zilizokuwa zikiendesha piano zinazojicheza zenyewe. Picha ya matundu ikishaingia kwenye kompyuta, muziki unafufuka hata kama piano yenyewe imekufa. Santuri haina bahati hiyo. Sauti imo ndani ya kifereji chembamba, na kila mara sindano iliyochakaa ikipita, inakwangua kidogo. Ongeza unyevu na baridi ya Mlima Kenya inayoleta ukungu, na moshi wa jikoni. Kila mwaka unaopita, wimbo unapungua.

Sasa, utafanyaje?

Anza na usafi. Tumia kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi, ukipangusa kwa kuzunguka kufuata vifereji, si kuvikata. Usiloweshe karatasi ya katikati.

Pili, tafuta mashine ya santuri yenye sindano nzima. Usiijaribu kwa gramafoni ya zamani yenye sindano ya chuma, utaiharibu. Nyingi za santuri hizo ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika, kwa hivyo hakikisha kasi ni sawa, la sivyo mwimbaji atasikika kama katuni.

Tatu, unganisha mashine na laptopu na urekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Chagua biti 24 na kilohezi 96, kisha uhifadhi kama WAV. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp tu, kwa sababu hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo. Ukitaka kuondoa mikwaruzo, fanya hivyo kwenye nakala. Ile ya kwanza iache jinsi ilivyo. Weka nakala tatu, moja ikiwa mbali na nyumbani.

Nne, na hapa ndipo wengi huteleza: piga picha karatasi ya katikati, pande zote mbili. Inabeba nambari, jina la mtunzi na bendi. Kisha keti na guka, uwashe simu, umuulize: gitaa lilipigwa na nani? Fumbo hili lilimlenga nani? Majibu hayo hayamo kwenye santuri, na guka hana nakala.

Lakini usikimbilie kupakia kila kitu mtandaoni. Sheria ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Nyimbo za Kamaru zina wenyewe hadi mwisho wa 2068. Kuhifadhi ni jambo moja, kuchuma pesa kwa jasho la mwingine ni jambo jingine. Tafuta familia kwanza, omba ruhusa.

Si lazima umalize boksi lote. Upande mmja wa santuri ni dakika chache tu, muda ambao ungeupoteza TikTok. Anza na ile ambayo guka bado anakumbuka maneno yake.