Tulipowauliza watoto kuhusu shule yao

Usiku wa Alhamisi moja mwanzoni mwa muhula wa pili, baada ya sala ya Isha, wazazi wapatao kumi hawakutoka msikitini pamoja na jamaa wengine. Walinisubiri karibu na mlango wa ofisi. Mmoja wao, fundi wa magari ninayemfahamu tangu utotoni, alinikabidhi karatasi mbili zilizokunjwa. Ilikuwa barua ya malalamiko kuhusu shule ya sekondari msingi ya mtaa wetu hapa Mombasa. Ilisema kwamba shule hiyo haiwafai watoto wa Kiislamu, na kwamba wazazi waliotia saini wangewahamisha watoto wao kabla ya muhula kwisha. Kilichobaki, alinieleza, ni muhuri wa msikiti.

Muhuri huo hukaa katika droo yangu. Mimi ndiye katibu wa kamati, na kwa kweli nilikuwa tayari kuugonga. Mpwa wangu anasoma Gredi ya 8 katika shule hiyo hiyo, na mengi yaliyoandikwa nilikwisha kuyasikia kwa mama yake. Aliyenizuia ni imamu wetu. Alisema barua yenye jina la msikiti ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa habari za kusikia. Akaagiza wazazi wote waitwe siku ya Jumamosi, ili kila mwenye neno alitoe hadharani.

Yafaa kukumbushana jinsi shule hizi zilivyoanza, kwani wengi wetu tulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4 na bado tunazipima kwa mizani ya zamani. Kundi la kwanza la Gredi ya 7 liliingia Januari 2023, baada ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kupendekeza kwamba sekondari msingi ziwe ndani ya shule za msingi. Ndivyo mtoto wa miaka 12 hadi 15 alivyobaki katika uwanja aliouzoea, akipita lango lile lile na mdogo wake wa Gredi ya 1. Faida yake ni kuwa mtoto analala kwao na mzazi anamwona kila jioni. Hasara yake ni kuwa majengo mengi yalijengwa kwa ajili ya watoto wadogo, na maabara hayakuwamo katika ramani. Serikali iliahidi shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini fedha hazijengi maabara kwa siku moja, na walimu wengi wa mwanzo waliajiriwa kwa mkataba wa muda. Mwezi wa Mei 2024 walimu hao waligoma nchini kote wakidai ajira ya kudumu.

Jumamosi ile wazazi walijaa barazani. Malalamiko yalianza na somo la Dini ya Kiislamu. Shule haina mwalimu wa somo hilo, na kipindi chake kinapofika watoto wetu hukaa chini ya mwembe bila msimamizi. Baba mwingine alisema mwalimu wa Hisabati ndiye pia mwalimu wa Kilimo na wa michezo, naye hawezi kuyabeba yote. Wengine walizungumzia simu, utoro na marafiki wabaya.

Ndipo akasimama mama mmoja auzaye mahamri karibu na kituo cha matatu. Alisema mwanawe hakuwa akifungua kinywa darasani, na kwamba mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo ndiye aliyemsimamisha mbele ya wenzake hadi akazoea. Kisha akamgeukia fundi. "Baba, wewe una uwezo wa kumlipia wako shule ya binafsi. Mkishawatoa wenu wote, wangu atabaki na nani?" Hakuna aliyemjibu.

Kabla hatujafunga kikao, bibi mmoja anayewalea wajukuu watatu aliomba ruhusa ya kusema. "Mwanangu katibu, tangu asubuhi nawasikia mkisema watoto wanataka hiki, watoto wanaumizwa na kile. Hao watoto, mmewauliza?"

Hatukuwa tumewauliza. Imamu akatukumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji ilhali kuliani kwake ameketi kijana mdogo na kushotoni wazee. Akamwomba kijana idhini ya kuwapa wazee kwanza. Kijana akakataa, kwa kuwa hakutaka kumwachia yeyote fungu litokalo mkononi mwa Mtume, naye Mtume (s.a.w.) akampa yeye. Imamu alisema tutazame mambo mawili katika kisa hicho: kijana aliulizwa, na jibu lake likatekelezwa ingawa wazee walikuwapo.

Basi juma lililofuata tuliweka kopo tupu la maziwa ya unga katika madrasa yetu, tukalitoboa kifuniko. Kila mwanafunzi wa Gredi ya 7, 8 na 9 alipewa karatasi yenye maswali mawili: unapenda nini katika shule yako, na ungependa nini kibadilike? Majina hayakuandikwa, na maalim alitoka nje hadi walipomaliza. Karatasi zilisomwa na imamu, mimi na akina mama wawili.

Wachache waliomba kuhamishwa. Wengi walisema wanaipenda shule, wakawataja walimu wao kwa wema, na hasa wale wanaowafundisha kazi za mikono. Lakini walilalamikia mambo ambayo wazazi hawakuyagusa kabisa.

Wasichana wengi waliandika kuhusu vyoo. Milango miwili haina komeo na maji hukatika kwa siku kadhaa, hivyo siku zao za mwezi zinapowadia hubaki nyumbani wakisema wanaumwa na kichwa. Akina baba walikuwa wamezungumza kuhusu dini kwa saa mbili bila kujua kwamba binti zao hukosa tohara na darasa kwa sababu ya komeo.

Wavulana na wasichana kwa pamoja walitaja sayansi. Majaribio huchorwa ubaoni, na wao huyanakili. Mmoja aliandika kwamba anataka kuwa mhandisi wa meli, lakini hajawahi kushika chombo chochote cha maabara. Jambo hili si dogo. Mwisho wa Gredi ya 9 mwanafunzi huelekezwa katika mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu: sayansi, teknolojia na uhandisi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Katika matokeo yake, asilimia 60 hutokana na mtihani wa Gredi ya 9, asilimia 20 tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Aliyekosa maabara leo huenda amefungiwa mlango wa kesho bila mtu yeyote kumkusudia ubaya.

Kuhusu somo la dini, waliuliza swali jepesi: mbona mtaa una masheikh wengi, na sisi tunakaa chini ya mwembe?

Karatasi zilizonichoma zaidi zilihusu madrasa yenyewe. "Natoka shule saa kumi, nakimbia, sijala tangu saa saba, nikifika mlango umefungwa nasimama barazani mpaka Magharibi," aliandika mmoja, na wengine waliandika mfano wa hayo. Kanuni ya kufunga mlango saa kumi na robo niliiandika mimi, nikaibandika kwa mkono wangu. Nilidhani watoto wale ni wavivu. Sikuwahi kutembea kutoka langoni mwa shule hadi madrasa nikatazama saa.

Tulikwenda shuleni wanne, fundi akiwa mmoja wetu. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima na hakukana neno. Alituonyesha tangi lililopasuka na nakala za barua alizoandika kuomba maabara. Kisha akasema kwamba tangu mwaka uanze, hakuna mzazi wa mtaa wetu aliyefika ofisini mwake pasipo kuitwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi nafasi katika bodi ya shule. Siku ya uchaguzi wengi wetu tulikuwa kwenye shughuli zetu. Fundi aliinamisha kichwa, nami vilevile.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Fundi alirejea Ijumaa baada ya sala na mashine yake ya kuchomea, akatia makomeo. Jamaa walichanga tangi jipya. Mwalimu mstaafu wa somo la Dini ya Kiislamu, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu na anayesali nasi, amekubaliana na bodi kufundisha siku mbili kwa juma. Madrasa sasa huanza saa kumi na moja kasorobo, na mlango haufungwi. Maabara bado hakuna. Barua kuhusu maabara imepelekwa katika ofisi ya elimu, nayo ndiyo niliyoigonga muhuri.

Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao hata hivyo. Hatuwalaumu, kila mzazi ataulizwa juu ya alichokichunga. Ila tunamwomba kila mmoja, kabla ya kuihukumu shule, afanye mambo matatu. Kwanza, amwulize mtoto maswali mahususi badala ya alama tu: leo ulikunywa maji wapi, ni somo gani mlikaa bila mwalimu, ni nani uliyecheka naye? Pili, afike shuleni siku ya kawaida, si siku ya kuitwa. Tatu, atenganishe lililo katika uwezo wa mwalimu mkuu, lililo la bodi na lililo la serikali, ili lawama isimwangukie asiyekuwa nayo. Na akiisha kuuliza, asilitupe jibu. Kumwuliza mtoto kisha kumpuuza ni afadhali usingemwuliza.

Mpwa wangu hakunieleza karatasi yake ilikuwa ipi, nami sikumdadisi. Aliniuliza tu kama kopo litarudishwa. Limerudishwa. Liko juu ya rafu ya misahafu ya watoto, na kwa idhini ya Allah tutalifungua mwisho wa kila muhula.