Hali ya Ndoa katika Daftari za Nasaba

Atungaye daftari ya nasaba mara nyingi hutenga safu moja ya hali ya ndoa, akaijaza kwa neno moja: ameoa, ameolewa, mjane, mtalaka. Desturi hii ni ya sensa. Katika sensa ya Uingereza ya mwaka 1851 watu waliandikwa kama hawajaoa, wameoa au wamefiwa. Na kwa sensa yafaa, maana huhesabu watu wa usiku mmoja. Nasaba haina usiku mmoja. Mwanamke aliyeolewa, akaachwa, akaolewa tena, kisha akafiwa, hawezi kuelezwa kwa neno moja lisilo na tarehe.

Maneno yenyewe nayo yana shida. Mume huoa, mke huolewa. Basi atafutaye "ameoa" katika daftari iliyotiwa katika kompyuta huwakosa wake wote, wala kompyuta haimwonyi. Mjane kwa wasemaji wengine ni mwanamke tu, na mwanamume aliyefiwa huitwa mgane. Kwa wengine mjane ni wote wawili. Mtalaka ni mwanamke aliyeachwa. Mume aliyemwacha hana jina la kila siku, na kwa hiyo hutoweka katika orodha, kana kwamba talaka ilikuwa ya mtu mmoja.

Jambo zito zaidi ni eda. Kwa Waislamu wa pwani, mwanamke aliyefiwa, asipokuwa na mimba, hukaa eda miezi minne na siku kumi, naye huitwa kizuka. Aliyeachwa kwa talaka rejea hukaa eda yake pia, na kabla haijaisha mume aweza kumrejea pasipo ndoa mpya. Mume akifa ndani ya muda huo, mwanamke huyo hurithi kama mke: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumuni ikiwa ameacha, na wake wakiwa wengi hugawana fungu hilo hilo. Karani aliyemwandika "mtalaka" siku ile ya talaka, bila kutaja aina yake wala tarehe, amewaachia wajukuu daftari inayomnyima haki yake.

Katika mfumo wa Gedcom, uliotolewa mwaka 1984 kwa ajili ya kubadilishana habari za nasaba, ndoa na talaka huandikwa kama matukio ya jamaa, kila moja na tarehe na mahali pake. Mpango huu wafaa kwa daftari za Kiswahili, ila yapasa kuongezwa mambo mawili. Neno la hati lihifadhiwe kama lilivyoandikwa, na kando yake iwekwe alama moja ya kutafutia, isiyobagua mume na mke: "ndoa imefungwa", "talaka rejea", "amerejewa", "ndoa imekatika kwa kifo". Na pale hati isiposema lolote, iandikwe "haijulikani"; kwani safu tupu husomwa kwa urahisi kuwa mtu huyo hakuwa na ndoa kamwe.