Unene Usihesabiwe Kuwa Neema

Imekuwa dasturi ya siku nyingi katika visiwa vyetu kumsifu mwanamke aliyenenepa. Huambiwa kwamba amependeza, kwamba raha imemkubali na kwamba mumewe anamtunza. Akipungua mwili, hata kama amepungua kwa kusudi, majirani huanza kuulizana ana dhiki gani. Dasturi hiyo ina wenyewe na ina historia yake, wala hatukusudii kuwabeza wazee wetu. Lakini elimu ya tiba imetuletea khabari ambayo hatuna haki ya kuifumbia macho: kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, unene uliokithiri huongeza hatari ya kupata saratani ya matiti.

Jambo hili si uvumi wa barazani. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, lilitoa uamuzi wa jopo la wataalamu wake kwamba kujiepusha na mafuta mengi mwilini hupunguza hatari ya aina 13 za saratani, mojawapo ikiwa ni hiyo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Unene wenyewe hupimwa kwa kuugawa uzito wa mtu kwa kilo na urefu wake kwa mita, kisha jawabu kugawiwa tena kwa urefu huo huo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 64 hupata 25, na hapo ndipo uzito uliozidi unapoanzia. Akifika kilo 77 amevuka 30, na hesabu yake sasa ni ya unene uliokithiri. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba nyongeza kama hiyo, yaani ya vipimo vitano, huambatana na kuzidi kwa hatari kwa kiasi cha asilimia 12 kwa wanawake wa umri huo.

Msomaji atauliza: mafuta ya tumboni na mapajani yana uhusiano gani na ziwa? Wengi wetu hudhani kwamba mafuta ya mwili ni akiba iliyolala, mfano wa magunia ya mchele ghalani. Sivyo. Mafuta ni kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana.

Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow, Uskochi, alieleza jinsi alivyoziondoa ovari za mwanamke aliyekuwa na saratani ya ziwa iliyokwisha kuwashinda matabibu, na uvimbe ukanywea. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyoanza kutambua kwamba ovari hutoa kitu kinachoistawisha saratani hiyo. Baadaye kitu hicho kilijulikana kuwa ni homoni ya estrojeni.

Mwanamke akikoma hedhi, ovari zake huacha kutoa estrojeni kama zamani, na mtu angedhani kwamba hatari hiyo imekwisha. Kumbe ndani ya mafuta kuna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huzichukua homoni za androjeni, nyingi zikiwa zimetoka katika tezi zilizo juu ya figo, na kuzigeuza kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, na kiwanda kinapanuka. Estrojeni hiyo hufika katika seli za ziwa na kuziamrisha zigawanyike. Kila seli inapogawanyika hunakili maagizo yake yote ya uhai, na kila nakala ina nafasi ya kosa. Kosa likipita bila kusahihishwa, linaweza kuwa ndio mwanzo wa saratani.

Hilo ni figa la kwanza. La pili ni insulini. Mwili ulionenepa mno huwa mzito kuitikia insulini, na kwa hiyo kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi. Insulini nyingi huzichochea seli kukua, na papo hapo hulifanya ini lipunguze protini inayoishika estrojeni katika damu, hata estrojeni iliyo huru kufanya kazi ikaongezeka. Figa la tatu ni uvimbe wa chini kwa chini. Seli za mafuta zilizojaa kupita kiasi hufa, seli za ulinzi huja kuzizunguka, na kemikali zinazotoka hapo huizidisha aromatasi ndani ya ziwa lenyewe. Juu ya mafiga hayo matatu ndipo chungu cha maradhi kinapochemkia.

Ushahidi wa maelezo haya umo katika tiba. Dawa ya anastrozoli, iliyoingizwa mwaka 2015 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huzuia aromatasi hiyo hiyo. Aidha, majaribio yamethibitisha kwamba mwanamke aliyekoma hedhi akipunguza uzito, estrojeni katika damu yake hushuka.

Ni wajibu wetu pia kusema ukweli wote. Kabla ya hedhi kukoma, tafiti hazikuonesha hatari hiyo kwa unene. Kwa jumla zimeonesha kinyume chake. Wako wanene wengi wasiopata saratani hii maishani, na wako wembamba wanaoipata. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyooshea kidole mgonjwa, wala mwembamba asijione salama. Mwenye kuona donge, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu aende hospitali bila ya kuchelewa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu wananchi, tuitazame hali yetu. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya nchini Tanzania ulionesha kwamba, kati ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito au kunenepa kupita kiasi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, nao wakafika asilimia 28 katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016. Wengi wao walikuwa bado hawajakoma hedhi. Watakapokoma, ndipo uzito huo utakapoanza kudai deni lake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Unguja au Pemba aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kuvuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kila aliyemsindikiza jamaa yake anajua gharama ya safari hiyo.

Haitoshi kuwahubiria akina mama. Mwanamke anayeambiwa atembee anahitaji njia ya miguu iliyo salama na uwanja atakaofanya mazoezi kwa stara. Anayeambiwa apunguze sukari na vya kukaanga anahitaji kuona samaki na mboga sokoni kwa bei anayoimudu. Na sisi viongozi tuanze na meza zetu wenyewe, kwani mikutano yetu ya kuzungumzia siha hufunguliwa kwa soda na kufungwa kwa sambusa.

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi wa Tanzania Bara katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kazi ya namna hiyo inatungoja katika shehia zetu. Kila kituo cha afya kiwe na mizani na kipimo cha urefu, kila mama apimwe na aelezwe hesabu yake kwa lugha anayoifahamu, na mwuguzi afundishwe kuyachunguza matiti. Maofisa wanaohusika wasingoje bajeti ya mwaka ujao kulianza hili, kwani mizani na utepe wa kupimia si vitu vya kulishinda taifa.