Udaktari Usio wa Sindano

Kwetu pwani ukisema fulani anasomea udaktari, jirani wa kwanza kusikia atakuletea mgonjwa. Ndivyo ilivyokuwa pale Kibokoni dada yangu alipotaja kwamba bintiye aliye bara anaomba nafasi ya udaktari. Siku ya pili yake bibi mmoja alibisha hodi na maumivu yake ya magoti. Ilibidi aelezwe taratibu kwamba huu ni udaktari wa kisomo, ule ambao vyuo siku hizi huuita uzamivu, na kwamba wagonjwa wa binti huyo ni maembe.

Nafasi yenyewe iko Kasarani, kando ya ile barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Ruiru na Thika. Hapo ndipo makao ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kilichoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Cambridge na kufariki mwaka 2003. Mahali pale wamepaita Duduville, na mimi jina hilo hunichekesha kila nilionapo kibaoni, maana neno letu dudu limeshonewa mkia wa Kifaransa. Mwaka 1983 kituo hiki, pamoja na vyuo vikuu kadha vya Afrika, kilianzisha mpango uitwao ARPPIS, wa kuwafundisha vijana wa bara hili mpaka wawe madaktari wa elimu ya wadudu. Kituo hakitoi digrii. Mwanafunzi huandikishwa katika chuo kikuu cha Afrika, na utafiti wake huufanya kituoni. Miongoni mwa wafadhili ni DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma. Anayepata hulipiwa karo, posho ya kuishi, bima ya matibabu na gharama za utafiti kwa miaka mitatu.

Wako watakaoguna: miaka mitatu ya kutazama wadudu! Msomaji Mwislamu asifanye haraka kuguna. Katika Msahafu iko sura iliyopewa jina la nyuki, na iko iliyopewa jina la sisimizi. Iko na ya buibui, ingawa wataalamu hawamhesabu buibui kuwa mdudu, na kina mama zetu wamemvaa miaka mingi bila ya kuuliza.

Mpwa wangu amepanga chumba Ruiru na kibarua chake kiko Thika. Kila alfajiri hupanda matatu, jioni akarudi. Mshahara wake si wake peke yake, kwa kuwa karo ya nduguze wawili wadogo hutoka humo. Digrii ya pili aliipata miaka mitano iliyopita, na hapa ndipo pana kisu. Ufadhili ule humtaka mwombaji awe hajapitisha miaka sita tangu digrii yake ya mwisho. Mwaka huu akikosa, mwakani hatatazamwa. Hakumwambia mama yake jambo hili. Aliniambia mimi, nilipokwenda kumtazama, na akaniomba niisome barua yake ya maombi.

Ilikuwa barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza kufiwa na baba, dhiki ya nyumbani, na jinsi anavyostahiki kuhurumiwa. Wa pili ulimshukuru kila mtu. Nzi wa matunda, ambao ndio kazi yenyewe, walipata mistari mitatu mwishoni.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hii ni barua ya kumwandikia tajiri mwezi wa Ramadhani.”

“Mjomba, si msaada tunaomba?”

Swali hilo nimelisikia kwa vijana wetu wengi, na kwa maoni yangu ndilo linalowarudisha nyuma kuliko upungufu wa alama. Tumezoea kuona fedha za masomo kuwa sadaka, kwa hiyo tunakwenda na bakuli. Maabara haitafuti wa kumsitiri. Inatafuta mtu mwenye swali, ambaye akipewa darubini na miaka mitatu atarudi na jibu. Wanapotangaza nafasi hutaja miradi iliyopo na wasimamizi wake, na mwombaji hutakiwa aonyeshe anataka mradi upi na analeta nini. Huambatisha wasifu, vyeti na barua za wadhamini. Wanaochujwa huitwa kwenye usaili. Anayechaguliwa hukaa na msimamizi wakaandika pendekezo kamili la utafiti. Umaskini wa mtu hauingii popote katika safari hiyo.

Basi nikamwuliza swali lake ni lipi. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuzungumza, na tangu hapo hakunyamaza mpaka magharibi.

Nzi anayewasumbua wakulima wetu wa maembe asili yake ni Asia. Alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la tunda akataga mayai ndani. Mayai huwa funza, funza hula nyama ya embe, tunda likianguka hujichimbia mchangani, wakatoka nzi wengine. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara hiyo ikarejea 2021. Watu wa Kasarani walileta kutoka Hawaii nyigu mdogo sana, asiyeuma mtu, ambaye hutaga yai lake ndani ya yai la nzi, na mtoto wa nyigu akamla mtoto wa nzi.

Sasa binti huyu anasema: mashamba mengi ya pwani si ya embe peke yake. Pana mwembe, mpera, mkorosho, mchungwa, vyote uani pamoja, na nzi hakosi tunda la kutagia. Je, katika uwanja kama huo nyigu hudumu, au humpoteza nzi wake? Hilo ndilo swali. Amelala nalo tangu utotoni, chini ya mwembe wa babu yake Kisauni, wala hakujua kwamba lina bei.

Barua ya kwanza akaiweka kando. Ya pili ilianza na ule mwembe, na neno yatima halikuwamo.

Lililobaki lilikuwa la kuchosha tu. Mmoja wa wadhamini wake, mwalimu ambaye sina haja ya kumtaja, aliahidi barua ya sifa kisha akawa hashiki simu. Binti alimfuata mara tatu, akasubiri mlangoni mpaka akaandikiwa. Mwenye kuomba nafasi kama hizi na aanze na wadhamini mapema, kwa kuwa vyeti viko sandukuni, lakini mwalimu ana mambo yake.

Dada yangu naye alikuwa na maswali. Mtoto atasali wapi huko? Nikamwambia misikiti iko Ruiru, na Thika iko. Kisha akauliza kama miaka mitatu si mingi mno kwa nzi. Hapo nikamwonyesha kikombe alichoshika, cha kahawa chungu. Ugonjwa wa chulebuni uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Kazi ya kuzalisha mbuni unaoustahimili ilianza katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru mwaka 1971, na mche uitwao Ruiru 11 ukawafikia wakulima 1985. Ni miaka 14 ya kuchavusha maua na kungoja. Dada akatazama kikombe, akasema kahawa yake hununua kwa Mmanga na hajui ya Ruiru.

Maombi yalipelekwa siku mbili kabla ya mwisho. Majibu hayajaja. Kama ataitwa kwenye usaili ataulizwa mengi kuhusu uwanja wa kina babu, na hakutaka kujibu kwa kukisia, kwa hiyo amenipa kazi. Kila Ijumaa baada ya sala nakwenda Kisauni na ndoo, naokota maboribo yaliyoanguka, nayapasua moja moja na kuandika daftarini. Wiki iliyopita yalikuwa 17, na 11 yalikuwa na funza. Nilimpigia simu jioni ile. Akaniuliza na mapera je.