Mwalimu wa Grambling

Visiwani kwetu mtu akitaja kandanda hakusudii ila mpira wa miguu uchezwao Amani na Gombani. Wamarekani wamelipa jina hilo mchezo mwingine kabisa, wa mpira wenye umbo la yai, uchukuliwao kwa mikono na kugombaniwa kwa vifua. Mchezo wenyewe tunawaachia wenyewe. Linalotushughulisha leo ni habari za mtu aliyeufundisha chuoni na sekondari, na ambaye ndugu zetu wenye dhamana ya elimu na michezo wangefaa kumjua.

Eddie Robinson alizaliwa mwaka 1919 huko Jackson, jimbo la Louisiana. Baba yake alilima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno. Mama yake alikuwa mtumishi wa majumbani. Alipomaliza masomo ya chuo, kazi aliyoipata ilikuwa ya kiwanda cha chakula cha mifugo, kwa senti 25 kwa saa. Sheria za jimbo lile ziliwatenga weusi na weupe, na shule za weupe hazikuwa na nafasi kwa mwalimu wa rangi yake. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, aliajiriwa na chuo kidogo cha weusi kilichopo Grambling, kwa mshahara usiofika dola 64 kwa mwezi.

Hapo alikuwa kila kitu. Alikata majani ya kiwanja, akawafunga wachezaji vifundo vya miguu, na mechi ikisha akaziandikia magazeti habari zake. Msimu wa kwanza alishinda mara 3 akashindwa mara 5. Mwaka 1942 alishinda mechi zote 9, na hakuna timu iliyompata hata pointi moja.

Vita Vikuu vilipowachukua vijana, chuo kikakosa timu mwaka 1943 na 1944, naye akafundisha sekondari ya hapo hapo. Mzazi mmoja akawatoa wanawe timuni, kwa kuwa pamba ilikuwa imeiva na mikono ilihitajiwa shambani. Mwalimu mwingine (na tunao wa namna hiyo) angeandika barua ya malalamiko kwa mkuu wake kisha akangoja majibu. Robinson aliichukua timu nzima, wakaingia shambani, wakachuma pamba mpaka ikesha, na vijana wakarudi kiwanjani. Alifahamu kwamba yule mzazi hakuwa adui wa michezo. Alikuwa mtu mwenye njaa mlangoni pake.

Mwaka 1949 mwanafunzi wake, Tank Younger, akawa wa kwanza kutoka vyuo vya weusi kuingia ligi kuu ya malipo. Zaidi ya 200 walimfuata. Mwaka 1985 Robinson alipata ushindi wa 324, akampita Bear Bryant wa Alabama, chuo ambacho timu yake haikuchezesha kijana mweusi mpaka mwaka 1971.

Hata hivyo lilibaki neno moja baya: kwamba mweusi ana mbio na nguvu, lakini hana akili ya kuongoza mashambulizi. Neno hilo tulilisikia nasi zama za ukoloni, katika mambo mazito kuliko mpira. Januari 1988 Doug Williams, aliyelelewa na Robinson, aliiongoza timu ya Washington kushinda fainali ya Super Bowl, akachaguliwa mchezaji bora wa siku ile.

Kufunguka kwa milango kulikuwa na gharama yake. Vijana ambao zamani hawakuwa na pa kwenda ila Grambling na vyuo mfano wake walianza kuchukuliwa na vyuo vikubwa vyenye fedha. Misimu mitatu ya mwisho Robinson alishindwa zaidi kuliko alivyoshinda. Mwaka 1996 wakatokea waliotaka aondoke mara moja, watu wakapiga kelele, akaongezwa mwaka mmoja. Alistaafu 1997, baada ya miaka 56, akiwa ameshinda mara 408, ameshindwa mara 165 na kutoka sare mara 15. Alifariki 2007.

Aliyekabidhiwa timu mwaka 1998 ni Doug Williams. Kuanzia mwaka 2000 aliipatia Grambling ubingwa wa ligi yao miaka mitatu mfululizo, mwalimu wake angali hai.