Mzee na presha: dawa haikomi siku kizunguzungu kilipotulia

Wasikilizaji wetu wengi wa Ruvu, wa upande wa Kibaha na wa Kisarawe, wanaishi na mzazi au bibi mwenye presha ya kupanda. Mambo huharibika nyumbani kwa njia ileile: mzee anameza dawa wiki mbili, kizunguzungu kinatulia, anasema amepona, vidonge vinabaki kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Hajapona. Presha kwa kawaida haiumi. Inasukuma mishipa kimyakimya hadi moyo unachoka, au mshipa wa kichwani unaziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Msidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Watafiti waliopima wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu saba katika kila kumi wana presha ya juu, na wengi hawakuwa wakijua. Jambo jingine lililoonekana katika utafiti Tanzania ni kwamba watu wengi, hasa Dar es Salaam, walihusisha kiharusi na majini au uchawi. Imani hiyo huku Pwani tunaijua vizuri. Hatumkatazi mtu dua. Tunachosema ni kwamba saa za kwanza ni za hospitali.

Kwa hiyo mtazameni mzee. Mdomo umekwenda upande mmoja? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: mmoja unaanguka? Maneno yanakokoteka au hayaeleweki? Dalili moja tu inatosha kutafuta usafiri. Kumbukeni saa ilipoanza, maana daktari atauliza. Msimpe chakula, maji wala uji, kwani koo huenda halimezi na vitaingia kwenye mapafu. Msimwongezee vidonge vya presha ili "ishuke haraka", wala msimpe aspirini: kama mshipa umepasuka, aspirini itazidisha damu kuvuja. Hata dalili zikiisha baada ya dakika chache, nendeni. Huo mara nyingi ni mwanzo tu. Walio karibu na barabara ya Morogoro wana Kituo cha Afya Mlandizi na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Wa Kisarawe wana hospitali ya wilaya. Kijiji chenye akili hupanga mapema ni bodaboda au gari la nani litakaloitwa usiku, hasa masika.

Sasa jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyokwisha kuingia kwenye chakula. Papa na ng'onda vinabeba chumvi nyingi. Kama hamwezi kuviacha, loweka, mwaga maji, na usitie chumvi nyingine kwenye mchuzi. Kwenye mihogo ya kuchemsha, ndimu na pilipili vinatosha.

Lipo moja ambalo watu hawalitaji kliniki: dawa za magoti. Mzee aliyelima mpunga miaka arobaini ana maumivu, basi kila wiki ananunua diklofenaki duka la dawa. Dawa za aina hiyo hupandisha presha na huumiza figo. Bebeni vidonge vyote anavyotumia, na majani ya kuchemsha pia, mkamwonyeshe mganga wa zahanati.

Dawa ya presha nayo inaweza kumfanya mzee aone giza akisimama ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ainuke. Akizidi kuyumba, mrudisheni akapimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama. Kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa. Kuiacha kwa uamuzi wake ndiko kunakoleta balaa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kama hana kitambulisho cha matibabu, muulizeni mtendaji wa kijiji, na mkifika kituoni ulizieni dirisha la wazee.