Treni ndogo za Hamburg na adui wao vumbi

Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna maonyesho ya reli ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001. Vitu vimepunguzwa mara 87: mtu wa sentimita 174 anabaki na sentimita 2, chini ya urefu wa njiti ya kiberiti. Treni hupita milimani na mijini, na kompyuta huzizuia zisigongane.

Wengi wetu tungedhani kazi kubwa ni kujenga. Lakini si hiyo tu. Treni hizi hupata umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu. Vumbi likitanda relini, umeme unakatika na treni inasimama, watu wakitazama. Na vumbi lenyewe huletwa na hao hao watazamaji, kwa nguo na viatu! Basi mafundi wa reli ndogo hawaachi kusugua. Wengine hufunga behewa la kusafishia, treni ikapita ikijipangusia njia.